Dalali anataka kodi ya mwaka mzima kwenye moli ambayo bado inajengwa: niingie sasa au nisubiri?

*"Habari mtaalamu. Nina duka la mabegi na viatu vya kike Sinza, fremu nalipia laki sita kwa mwezi na mauzo yangu miezi ya kawaida yanazunguka milioni tisa. Sasa nje kidogo ya Dar pembeni ya barabara kubwa inajengwa moli, wanasema itahudumia wilaya nzima mpaka mikoa ya jirani, yaani Mlimani City ya pili. Nimeonyeshwa fremu ya mita za mraba 40, kodi milioni mbili na laki nne kwa mwezi, sevisi chaji laki nne, na wanataka kodi ya mwaka mzima na dipoziti ya miezi mitatu sasa hivi, jengo halijaezekwa hata paa. Dalali anasema supamaketi kubwa ya nje imeshasaini, watu watajaa tu, na wanaoingia mwanzo ndo wanapata bei nzuri, ukichelewa utalipia kilemba. Mume wangu anasema tuchukue mkopo tusipitwe. Niingie?"*

Dada yangu, kwanza hongera, kuuza milioni tisa kwa mwezi kwenye fremu ya Sinza sio kitu kidogo na ndo maana nataka twende taratibu kabla hujasaini mkopo wowote. Nikikusoma naona hofu mbili zinavutana ndani yako, unaogopa ukikataa utaachwa nje ya kitu kikubwa, na unaogopa ukikubali hela yako itakwama kwenye zege. Zote mbili zina msingi. Jibu langu kwa kifupi: kwa masharti hayo waliyokupa usilipe, lakini usiwakatalie moja kwa moja, maana ipo namna ya kuingia kwenye moli changa bila kubeba mzigo ambao ni wa mwenye jengo.

Nianze na hiyo "Mlimani City ya pili", kwa sababu karibu kila mradi wa moli nchini unanadiwa kwa maneno hayo na watu wameshasahau ile ya kwanza ilikuaje. Mlimani City ilifunguliwa 2006 kwenye ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyokodishwa kwa mkataba mrefu kwa kampuni ya Mlimani Holdings ambayo iko chini ya Turnstar ya Botswana. Mkataba ule umesemwa sana bungeni na kwenye ripoti za CAG, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, hilo tuliache, wewe kinachokuhusu ni mahali. Angalia walivyozungukwa: chuo kikuu kiko mlimani pale pale, Chuo Kikuu Ardhi jirani, Mwenge upande mmoja na Ubungo upande mwingine, Sinza na Kijitonyama kwa chini, Makongo na Survey kwa nyuma, na Barabara ya Sam Nujoma inapita mlangoni ikiunganisha Barabara ya Bagamoyo na ya Morogoro. Watu walikuwepo kabla ya moli. Wanafunzi, wafanyakazi wa vyuo, wapangaji wa Sinza, wenye magari wanaokatiza kila siku asubuhi na jioni, wote walikuwa wanapita pale hata kama pasingejengwa kitu.

Na hata hapo haikukamilika siku ya ufunguzi. Zikaongezeka ofisi, benki, sinema, ukumbi wa mikutano, na ule ukumbi Mei 2010 ndo ulipokea mkutano wa Jukwaa la Uchumi Duniani kwa Afrika. Watu wanaupita huu ukumbi kama pambo wakati kibiashara una kazi kubwa, maana mtu aliyekuja semina ya siku tatu kutoka Dodoma au Mbeya anashuka kula mchana, anapita dukani kutafuta zawadi ya nyumbani, anatoa hela benki, anarudi. Hakuja kununua begi lakini amepita mbele ya begi akiwa na hela mfukoni na muda wa kupoteza. Ndivyo moli kubwa ya kanda inavyokua, tabaka juu ya tabaka, kila tabaka linaleta aina yake ya watu kwa saa yake. Kwahiyo ukiambiwa "Mlimani City ya pili" muulize dalali swali moja tu: mbali na maduka, ni kitu gani kingine kitawaleta watu pale Jumanne saa tano asubuhi?

Sasa twende kwenye mvuto wenyewe. Mwaka 1931 Mmarekani anaitwa William Reilly aliandika kanuni ya jinsi miji miwili inavyogawana wateja wanaoishi katikati yao, na kiini chake ni kwamba ukubwa unavuta na umbali unafukuza, tena umbali unafukuza kwa nguvu zaidi kuliko watu wanavyodhani: ukiuongeza mara mbili mvuto haushuki nusu, unashuka mpaka robo. Miaka ya 1960 David Huff akaiboresha, akaweka ukubwa wa maduka na muda wa safari badala ya kilomita. Hapo kwenye muda ndo penye ukweli wa Dar. Kilomita nane kwa Barabara ya Morogoro saa kumi na moja jioni sio kilomita nane za Jumapili asubuhi.

Chukua simu yako, fungua ramani, weka alama pale moli inapojengwa, angalia unafika wapi ndani ya dakika ishirini hadi thelathini kwa saa ambazo watu wanatoka kazini. Huo mduara ndo wateja wako wa kila wiki, hao wengine wa "mikoa ya jirani" ni wa sikukuu. Mtu wa Morogoro mjini atakuja labda kuelekea Krismasi, atafurahi, atapiga picha, atarudi kwao. Begi la kwenda kazini ananunua kwao. Ukishaupata huo mduara, uzungukie mwenyewe, angalia nyumba zinazojengwa ni za aina gani, kama zina watu au ni mapagala, daladala zinashusha wapi, na hasa wanawake wa pale kwa sasa mabegi wananunua wapi. Wakikujibu wote Kariakoo, ujue mpinzani wako ni Kariakoo na sio moli nyingine, na Kariakoo kwa bei humuwezi.

Mfano ninaoupenda kueleza ni wa Nairobi. Upanuzi wa Barabara ya Thika ulikamilika 2012, Thika Road Mall ikafunguliwa 2013, pale Roysambu, eneo lenye wapangaji wengi wa kipato cha kati, kituo cha matatu kiko nje tu. Barabara na watu vilitangulia, jengo likafuata. Kule Nairobi kuna funzo lingine pia, angalia miaka hii: Thika Road Mall 2013, Garden City 2015 kwenye barabara hiyo hiyo, The Hub Karen 2016, Two Rivers 2017. Moli kubwa nne ndani ya miaka minne, wakati kipato cha wateja hakikupanda kwa kasi hiyo, kwahiyo wenye majengo wakaanza kugombania wapangaji na wapangaji kugombania wateja wale wale. Wewe kabla hujaangalia moli yako, ulizia kama kuna nyingine mbili zimepata kibali kwenye barabara hiyo.

Hili la "watu watajaa tu" ni kweli na si kweli. Mwezi wa ufunguzi watajaa. Kuna muziki, kuna bei za ofa, watoto wanataka kupanda ngazi za umeme. Lakini watu kujaa ni kitu kimoja na watu kununua ni kingine, na kipimo chake ni rahisi sana, nenda moli yoyote unayoijua Jumamosi saa kumi jioni, kaa karibu na mlango mkubwa, usihangaike na wanaoingia, angalia wanaotoka wamebeba nini. Utaona mifuko ya supamaketi, maji, mkate, mafuta ya kula. Utaona watoto na aiskrimu. Utaona vijana wanne wametoka mikono mitupu wamefurahi. Mifuko ya maduka ya nguo na viatu utaihesabu. Anayeuza chakula pale anapata riziki kwenye umati wote ule, wewe unapata kwa kipande kidogo tu, kwahiyo unahitaji umati mkubwa zaidi yake na uliokaa muda mrefu zaidi.

Sisi kwenye kazi hii ya kusimamia majengo ya biashara huwa tunahesabu miaka mitatu hadi mitano mpaka moli kubwa ikae sawa. Mwaka wa kwanza fremu nyingi zinakuwa bado zimebandikwa karatasi kwenye vioo, wapangaji wa mwanzo wanajaribu bahati, wengine wanaondoka. Mwaka wa pili na wa tatu meneja anaanza kujua nani anaenda na nani, anahamisha duka la dawa karibu na supamaketi, anatafuta saluni, anagundua ghorofa ya pili haipandwi. Mikataba ya kwanza ikiisha ndo mchanganyiko unakaa vizuri na ndo kodi zinaanza kupanda kwa haki. Ikienda vizuri, nyumba na ofisi zinajengwa kuizunguka, ardhi inapanda bei, inakuja awamu ya pili. Sarit Centre ya Westlands, Nairobi, ilifunguliwa 1983 na ikaendelea kuongezwa majengo hadi miaka hii ya karibuni. Kwahiyo dalali hakudanganyi akisema moli itakua, anachokuficha ni kwamba kuna mtu analipia ile miaka ambayo bado haijakua, na kwa mkataba ulioletewa huyo mtu ni wewe.

Tuje kwa supamaketi, hapa nitakaa kidogo maana ndo moyo wa suala lako.

Kwenye moli kubwa kuna mpangaji mkuu mmoja au wawili ambao ndo watu wanawafuata kutoka nyumbani. Mwenye jengo anajua bila wao hana kitu, kwahiyo anawapa kodi ya chini sana kwa kila mita, wakati mwingine anawamalizia mpaka matengenezo ya ndani. Nyie wa fremu ndogo mnalipa kodi kubwa kwa mita kwa sababu mnaishi kwa watu wanaopita mbele yenu wakielekea kwao. Sio dhuluma, ndivyo biashara hii ilivyojengwa tangu zamani. Southdale ya Edina kule Minnesota, iliyofunguliwa 1956 na kuchorwa na Victor Gruen, moli ya kwanza ya Marekani kufunikwa yote chini ya paa moja, ilijengwa na wenye duka la Dayton's na bado walimkaribisha mshindani wao Donaldson's akae humo humo, kwa sababu walijua wakubwa wawili wanavuta zaidi ya mmoja na watu wakitembea kutoka kwa huyu kwenda kwa yule wanapita mbele ya maduka madogo yote. Tena walikuwa wameshanunua ardhi kubwa pembeni, faida ya kukua kwa eneo ikawarudia wao. Ukimuona mwendelezaji wako, yaani anayejenga hiyo moli, ana viwanja vya kuzunguka mradi, ujue ana sababu ya kuvumilia miaka migumu. Kama hana, atategemea kodi zenu peke yake.

Shida ni kwamba kwetu Afrika Mashariki hao wakubwa wamekuwa wakianguka mmoja baada ya mwingine. Mlimani City yenyewe ilianza na Shoprite na Game, wote wa Afrika Kusini. Shoprite wakaondoka Tanzania 2014, maduka yao wakachukua Nakumatt wa Kenya. Supamaketi za Uchumi, nazo za Kenya, zikafunga maduka yao Tanzania na Uganda 2015. Kufikia 2018 Nakumatt nao walikuwa wameshafunga huku, na Januari 2020 wadai wao wakapiga kura kampuni ifilisiwe. Tuskys, supamaketi nyingine ya Kenya, wakafuata kuporomoka. Shoprite walijaribu Kenya mwishoni mwa 2018 wakakaa kama miaka miwili tu. Game nao wakaondoka kanda hii 2022. Kwahiyo mtu akikwambia "supamaketi ya nje imeshasaini" huo ni mwanzo wa maswali, wala usiuchukue kama dhamana.

Mlimani City ilihimili kwa sababu ilikuwa na sababu nyingine za watu kuja, zile tabaka nilizokwambia. Thika Road Mall Nakumatt ilipotoka, supamaketi ya Carrefour ikaingia 2017 maana watu wa Roysambu walikuwa bado wanashuka pale kituoni. Lakini zipo moli ambazo hazikuhimili, nimefanya kazi kwenye mojawapo, na nikueleze nilichokiona ili ujue kinavyokuwa. Supamaketi ilipofunga, wiki chache baadae uongozi ukapunguza taa za korido ya upande ule kubana umeme. Giza kidogo tu lile likatosha, wateja wakaacha kukata kona kule. Mama mmoja wa nguo za watoto, mchapakazi kweli, akawa anasogeza stendi yake ya magauni mpaka nje ya mstari wa fremu ili aonekane kutoka ukumbi wa kati, mlinzi anairudisha ndani, anaisogeza tena. Kodi yake haikushuka hata shilingi kwa sababu mkataba wake haukuwa na mstari unaosema supamaketi ikiondoka itakuwaje. Mpangaji mkubwa alikuwa na wanasheria, yeye alikuwa na fomu ya kurasa tatu.

Kwahiyo uliza: supamaketi imesaini mkataba au barua ya nia tu? Mkataba wa miaka mingapi? Itafungua lini? Wakikwambia ni siri, sawa, waombe barua rasmi inayotaja angalau jina na muda. Alafu kwenye mkataba wako weka mstari wazi kwamba kodi haianzi kuhesabiwa mpaka supamaketi ifungue milango, na kwamba ikifunga zaidi ya miezi mitatu bila mbadala kodi yako inashuka nusu, na ikifika miezi sita una haki ya kuondoka na dipoziti yako. Watakataa mwanzoni. Endelea kuomba.

Hapo kwenye "wanaoingia mwanzo wanapata bei nzuri" dalali kasema nusu ya ukweli. Mwendelezaji anayejenga kwa mkopo benki inamuuliza sehemu gani ya jengo imeshapata wapangaji, kwahiyo saini yako leo ana uhitaji nayo kuliko itakavyokuwa siku yoyote baadae. Una nguvu sasa hivi, itumie. Faida ya kweli ya mpangaji wa mwanzo ni miezi mitatu mpaka sita bila kodi, kodi inayoanza chini na kupanda mwaka hadi mwaka, kuchagua fremu iliyo kwenye njia ya kwenda supamaketi. Kulipa mwaka mzima mbele kwa bei kamili kwenye jengo lisilo na paa hakuna unafuu wowote, hapo ni wewe unamkopesha mwendelezaji bila riba. Na kilemba kisikutishe, kilemba kinatokea pale fremu imeshakuwa na wateja na anayetoka anauza nafasi yake, kama Kariakoo. Moli yenye msimamizi mmoja kwa kawaida mkataba unakataza kuuza nafasi bila idhini, kwahiyo dalali akitaja kilemba kwenye moli muulize risiti ataandika nani.

Sevisi chaji ndo mahali watu wengi wanaumia kimya kimya. Inalipia walinzi, usafi, jenereta, maji, lifti, taa za korido, matangazo. Swali la kuuliza ni inagawanywaje. Tuseme gharama yote ya jengo ni milioni 150 kwa mwezi na eneo la kupangisha ni mita 15,000, hapo ni elfu kumi kwa mita na kwako wa mita 40 inakuja laki nne, sawa na walivyokuambia. Sasa moli ikifunguliwa nusu iko tupu, na mkataba unasema gharama inagawanywa kwa wapangaji waliopo, ni elfu ishirini kwa mita, laki nane kwako, kila mwezi, unalipia usafi wa fremu ambazo hazina mtu. Mkataba uandike kwamba mgawanyo ni kwa eneo lote la kupangisha, fremu tupu analipia mwenye jengo, na kuwe na hesabu za mwaka ambazo mpangaji anaruhusiwa kuziona.

Haya, tupige hesabu yako. Kodi na sevisi chaji ni milioni mbili na laki nane. Ukiweka VAT ya asilimia 18 inafika 3,304,000. Hakikisha pia kama bei waliyokupa ni kabla au baada ya kodi ya zuio, ile asilimia 10 ambayo mpangaji mfanyabiashara unaikata kwenye kodi ya mwenye jengo na kuipeleka TRA. Kuna wenye majengo wanaandika kodi ni "safi mkononi", maana yake zuio unalibeba wewe, na kwa milioni mbili na laki nne hiyo inaongeza zaidi ya laki mbili na nusu.

Kwenye nguo na viatu ndani ya moli, gharama ya kukaa pale ikivuka asilimia 15 ya mauzo unaanza kuumia. Sasa hivi Sinza hujafika hata asilimia saba. Ili 3,304,000 iwe asilimia 15 unatakiwa kuuza kama milioni 22 kwa mwezi. Tuseme faida yako ghafi, yaani kinachobaki ukitoa bei uliyonunulia mzigo, ni theluthi ya mauzo, wewe utaweka namba yako halisi. Kwa milioni tisa unabaki na milioni tatu, ukitoa laki sita ya fremu una milioni mbili na laki nne kabla ya msaidizi na umeme. Mauzo hayo hayo ukiyapeleka moli, milioni tatu haitoshi hata kulipia pango. Ili tu ubaki na kile unachobaki nacho leo lazima uuze zaidi ya milioni 17, na bado sijaongeza msichana wa pili maana moli inakutaka uwe wazi mpaka usiku na Jumapili. Na ukifika milioni 17 kwa mwezi utakuwa umevuka milioni 200 kwa mwaka, kiwango cha kulazimika kujisajili VAT. Usajili una uzuri wake, ile VAT ya pango utaidai, ila bei za mabegi yako sasa zitabeba asilimia 18 wakati wa Kariakoo mwenye kibanda hana hiyo.

Na hela ya kuanzia? Kodi ya mwaka 28,800,000, VAT yake milioni tano na kitu, dipoziti 7,200,000, ni zaidi ya milioni 41 kabla hujagusa fremu yenyewe. Fremu za moli mpya unakabidhiwa kuta, sakafu ya zege na nyaya zinaning'inia darini. Taili, dari, kioo cha mbele cha alminiamu, taa, bango kwa vipimo vyao, vyote vyako. Ukikopa hiyo milioni 41 marejesho yanaanza mwezi ujao na moli bado haina paa. Ujenzi ukichelewa miezi minane, jambo ambalo ni la kawaida sana, utalipa mkopo miezi yote hiyo kwa hela ya Sinza. Mwambie shemeji, kwa heshima zote, kwamba mkopo wa mzigo unaozunguka ni sawa, mkopo wa kodi ya jengo lisilokwisha hapana.

Ningekuwa nakaa nawe mezani ningekupa njia tatu. Ya kwanza ndo ninayoipenda kwako: baki Sinza, waandikie barua ya kuonyesha nia bila kulipa, omba fremu ndogo ya mita 15 hadi 20 yenye miezi isiyo na kodi na kodi ya kila robo mwaka baada ya kufungua. Mita 20 kwa bei ile ile pango ni milioni moja na laki sita na nusu na VAT yake, hapo unaweza kupumua, na mabegi hayahitaji ukumbi. Ya pili ni kuingia baada ya kufunguliwa kwa kibanda cha katikati ya korido, vile ambavyo vinakodishwa kwa mwezi mmoja mmoja, upime Novemba na Desemba alafu Februari, na Februari ndo itakwambia ukweli. Ya tatu ni kodi inayofuata mauzo, yaani kiwango cha chini kidogo pamoja na asilimia fulani ya mauzo. Ni nzuri kwa moli changa kwa sababu mwenye jengo naye anapata hamu ya kuleta watu, ila watataka kuona mashine yako ya risiti ya EFD na hesabu zako kila mwezi, kwahiyo kama vitabu vyako haviko sawa usiiguse. Kusubiri miaka miwili mitatu kabisa nako sio kosa. Utalipa kodi ya juu kidogo lakini utaingia ukijua korido ipi ina watu. Hatari yake ni kukuta mwenye mabegi mwingine ameshakaa na meneja hataki wa pili.

Kuna mambo ya kwenda nayo kwa watu ana kwa ana, haya mimi siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Wakili afanye upekuzi wa hati ya kiwanja kwenye ofisi ya ardhi, ajue mmiliki ni nani na kama kimewekwa rehani. Kama kuna benki iliyokopesha, wakili aombe kwa maandishi ridhaa ya benki kuutambua mkataba wako, maana mradi ukiuzwa kwa deni mnunuzi mpya anaweza asikujue. Akuangalizie pia dipoziti inakaa akaunti gani na inarudije ujenzi ukikwama. Wakikutajia kodi kwa dola, waambie kanuni zilizotolewa Machi 2025 zinakataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni hapa nchini, waandike shilingi. Kuhusu bei yenyewe ya mita, mthamini aliyesajiliwa atakupa picha ya kodi za eneo hilo kwa ada ambayo ni ndogo ukilinganisha na milioni 41. Na TRA nenda kabla ya kusaini, beba rekodi zako za mauzo za miezi kumi na mbili iliyopita, uliza mambo mawili tu: lini utalazimika VAT, na zuio la pango linawasilishwaje. Mkataba ukipewa rasimu usiirudishe kwa dalali siku hiyo hiyo hata akikwambia kuna mtu mwingine anasubiri fremu yako, mpe wakili wiki nzima aisome.